Aliyejibu Ndiyo Mbele ya Msimamizi Wake

Nilikuwa kwa kinyozi pale Adams Arcade, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, simu ilipolia. Aliyepiga ni mwenzangu niliyesoma naye chuo kikuu, siku hizi yeye ni mhadhiri, na hakunisalimia. "Yule mtu wa visima ametuacha," alisema. "Ni figo. Alizimia jana, hawakuwahi kumfikisha hospitali." Sikuuliza mtu gani wa visima, kwa maana katika maisha yangu nimemjua mmoja tu. Kinyozi alizima mashine akaningoja. Kisha yule mwenzangu akaongeza maneno yaliyonipandisha hasira hata kabla huzuni haijafika: "Unakumbuka ile siku yake mbele ya jopo? Lakini pia yeye alikuwa kichwa ngumu." Nikamwambia nakumbuka, nikakata simu. Mtu ameishi, amefundisha watoto wa watu, ameoa, amezaa, halafu siku ya kufa anakumbukwa kwa dakika chache alizosimama mbele ya meza akajibu swali. Haya, na iwe hivyo. Lakini kama ni lazima akumbukwe kwa siku hiyo, wasomaji wangu, basi isimuliwe yote, na isimuliwe na mtu aliyekuwa ndani ya chumba.

Alikuwa mzaliwa wa Mutuini, pembezoni mwa mji, wa ile familia ambayo babu alilima hapo, baba akalima hapo, na watoto wakasomeshwa kwa maziwa ya ng'ombe wawili. Alifundisha jiografia katika shule ya upili kabla ya kurudi chuoni kwa shahada ya uzamifu, na mimi wakati huo nilikuwa nasoma uzamili katika idara hiyohiyo, tukitumia meza moja dirishani. Mashamba ya kwao yalikuwa yameanza kugeuka kuwa nyumba za kupanga, vyumba vya mstari mmoja, choo cha shimo upande huu na kisima upande ule. Alitaka kujua jambo moja: choo kikae umbali gani na kisima kabla watu hawajaanza kunywa wasichokijua. Hilo tu. Alitembea na chupa za maji kwenye mkoba, na badala ya kuuliza habari za nyumbani aliuliza, "Kwenu mnakunywa maji gani?" Siku moja alimkuta mama yangu amekuja kunitembelea, akamuuliza swali hilohilo hata kabla ya kukalia kiti. Mama alikasirika, akadhani anaambiwa nyumba yake ni chafu. Alipoondoka mama aliniuliza, "Huyo rafiki yako ni mgonjwa ama ni mtu wa serikali?" Lakini wiki iliyofuata alinitumia, kwa mkono wa jirani aliyekuwa akija mjini, chupa moja ya maji ya kisima chake, imefungwa kwa mfuko wa nailoni, nimpelekee mgonjwa wangu.

Sasa, kwa msomaji ambaye hakupitia huko, lazima nieleze desturi yetu. Kila mwaka, kila mwanafunzi wa shahada za juu aliitwa mbele ya jopo la idara kutoa hesabu ya alikofika. Wenyewe waliiita tathmini ya maendeleo. Meza ziliunganishwa, wahadhiri wakaketi upande mmoja na mwanafunzi upande wa pili, na kando ya mwanafunzi, bega kwa bega, akaketi msimamizi wake, yule profesa anayemwongoza na kuzisoma sura za tasnifu yake. Sisi wenzake tuliruhusiwa kukaa nyuma tusikilize, eti tujifunze. Mwanafunzi alieleza kazi yake, akaulizwa maswali mawili matatu, na mwishoni mwenyekiti, kwa kuwa kanuni za chuo zilimtaka aulize, aliuliza: "Je, una tatizo lolote na msimamizi wako?" Msimamizi yuko hapo! Kiwiko chake kinagusa kiwiko chako! Chumba kizima kilicheka kidogo, mwanafunzi naye akacheka, akajibu, "Hapana Prof, tuko sawa kabisa." Kisha chai.

Nilisikia jibu hilo likitolewa na mwanamke ambaye msimamizi wake alikuwa akimsahihishia mitihani ya wanafunzi wa jioni, au niseme ukweli, mwanamke ndiye aliyekuwa akimsahihishia profesa. Nililisikia kwa jamaa ambaye msimamizi wake alikuwa amelala usingizi swali lilipoulizwa, kidevu kifuani, na jamaa akajibu kwa sauti ya chini ili asimwamshe. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa adabu, na sisi ni watu wa adabu sana mbele ya mkubwa. Wahadhiri wenyewe hawakumsumbua mwanafunzi wa mwenzao kwa maswali magumu, kwa sababu kesho wa kwao naye ataketi pale. Kwa hiyo kila mtu aliendelea vizuri, mwaka baada ya mwaka, na watu walizeeka wakiendelea vizuri.

Msimamizi wa rafiki yangu hakuwa mtu mbaya, na ninasema hivyo bila kejeli. Alikuwa mcheshi, mwenye kumbukumbu ya majina ya watoto wa watu, na ukifiwa alikuja. Tatizo ni kwamba hakuwa chuoni. Miaka hiyo masomo ya jioni ya watu wa kujilipia yalikuwa yameshamiri, profesa akiyafundisha, na mchana alikuwa mtaa wa Hurlingham, katika ofisi yake ya ushauri, akiandikia mashirika ya wafadhili ripoti. Marehemu alikuwa akitoka mjini kwa miguu kwenda kumtafuta huko, sura ya tasnifu imo kwenye bahasha chini ya kwapa, akachapiwa na msichana wa saiba, wa kompyuta za kukodi, mkesha wa... la, nisiongeze chumvi, alichapa mwenyewe. Pale Hurlingham alipokelewa vizuri, akapewa soda. "Prof ako mkutano, lakini wacha tu hapa, ataona," dada wa mapokezi alimwambia. Akaacha. Baada ya miezi angekutana na profesa kwenye ngazi za idara, naye profesa angemshika bega: "Kijana wangu! Ile kazi nimeipenda. Songa mbele." Sasa mtu afanye nini na sentensi kama hiyo? Isongeshwe mbele wapi?

Basi akafanya ujanja ambao mpaka leo nikiukumbuka nacheka na kuumia kwa pamoja. Mwaka wa tatu alipeleka Hurlingham sura ileile ya mwaka wa pili. Hakugusa koma. Aliiprinti upya tu, akaweka karatasi safi juu. Tathmini ilipofika, mwenyekiti aliuliza kama mwanafunzi amezingatia ushauri wa mwaka uliopita, na profesa akajibu mwenyewe, kwa furaha, kwamba sura imerekebishwa vizuri sana na hoja sasa zimekaa. Marehemu aliinamisha kichwa. Tulipotoka alinivuta kando karibu na choo cha wanaume, akanieleza alichofanya. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. "Wewe unaona mchezo," aliniambia. "Mimi nimepima visima vya watu. Nimewaambia nitarudi na majibu. Kama huyu hasomi, nani atanionyesha nilipokosea? Na kama nimekosea, nitawaambia watu wanywe sumu." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwenzangu hakuwa akitafuta cheti. Alikuwa akitafuta mtu wa kumsoma.

Mwaka wa nne akaingia chumbani amevaa suti yake ya harusi. Alieleza kazi yake vizuri, hata wahadhiri wawili wakaandika kitu. Mwenyekiti, ambaye tayari alikuwa amefunga kalamu, akauliza swali la mwisho huku akiangalia upande wa birika la chai. "Na una tatizo lolote na msimamizi wako?"

"Ndiyo, Prof. Ninalo."

Mwenyekiti alivua miwani. "Labda hukusikia swali."

"Nimelisikia, Prof. Umeniuliza mara nne, kila mwaka. Msimamizi wangu hasomi kazi yangu. Mwaka jana nilimpa sura ya mwaka juzi, vilevile ilivyokuwa, akasema hapa mbele yenu kwamba nimeirekebisha."

Ee Mungu wangu! Mhadhiri mmoja alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko, mwingine akaanza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimepangwa. Profesa hakupiga kelele. Nadhani angepiga kelele, mambo yangekuwa nafuu, kwa sababu watu wangepata cha kuamua. Alimgeukia kwa upole, akamwekea mkono mgongoni, akasema, "Kijana wangu amechoka. Hii kazi inachosha, sote tunajua." Na mwenyekiti, kwa shukrani kubwa usoni, akasema kwamba idara ni familia na jambo hili litazungumzwa kifamilia. Marehemu alisema, "Mimi sijachoka. Naomba tu mtu wa kusoma." Chai ilimiminwa, na yeye alisimama na kikombe chake karibu na dirisha, na wanafunzi wenzake, watu waliokuwa wakimlalamikia kila siku kuhusu wasimamizi wao, hawakuenda kusimama karibu naye. Mimi nilienda, tukanywa chai.

Hakuna aliyemwadhibu. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba ukitafuta mtu wa kumlaumu humpati. Profesa alijiondoa kwa heshima zote, akasema si vizuri kumlazimisha mtu kufanya kazi na asiyemwamini. Rafiki yangu akaambiwa atafute msimamizi mwingine, akaanza kubisha milango. Huyu alikuwa na wanafunzi wengi. Yule alikuwa akielekea likizo. Wa tatu, mama mmoja mwenye moyo mzuri, alifunga mlango kwanza kabla ya kusema, "Mwanangu, hao ni wenzangu. Nikikuchukua, nitakuwa nimesema uliyosema." Mwaka wa tano alikuja siku ya tathmini na suti ileile, akakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Hawakumwita. Si kwa ubaya, katibu wa idara alimweleza, ni kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kukaa kando yake, na bila msimamizi hakuna tathmini. Na bila tathmini hakuna usajili. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba amekaa muda mrefu bila kuonyesha maendeleo, jina likaondolewa. Ndiye mtu pekee niliyewahi kumjua katika idara ile ambaye hakuendelea vizuri.

Nimefikiria sana kuhusu swali lile tangu niache chuo na kuingia katika kazi hii ya magazeti, kwa sababu nimelikuta kila mahali. Nimeenda kwenye mikutano ya hadhara ambapo tume imekuja kuwauliza wananchi kama wameonewa, na chifu ameketi mstari wa mbele, kofia magotini, akigeuka kuona anayesimama. Nimemwona mwenye nyumba akimwambia mgeni wake, mbele ya yaya, "Muulize mwenyewe kama tunamtesa," na yaya akicheka kwa kuziba mdomo. Nimelazwa hospitali mimi, nikaulizwa na daktari mkuu, amezungukwa na wauguzi, kama nahudumiwa vizuri, nami ningali nahitaji kuletewa beseni jioni. Nchi yetu miaka hii ina bidii ya kuuliza maswali. Kuna visanduku vya maoni ukutani, kuna semina za uwazi zenye chakula cha mchana, kila ofisi imebandika ahadi zake kwa mwananchi. Kuuliza tumejifunza. Kupokea jibu hatujui kabisa.

Baada ya hapo alifundisha katika chuo kimoja cha ghorofani katikati ya mji, juu ya maduka ya nguo, mahali ambapo ukiandika ubaoni unasikia muziki wa chini. Baadaye alipata shule karibu na nyumbani, Dagoretti huko. Visima hakuviacha. Alizunguka na chupa zake Mutuini akiwaambia wenye ploti, zile nyumba za kupanga, wasogeze vyoo, nao wakamwona adui wa biashara. Mmoja alimfungulia mbwa. Nilikutana naye mara ya mwisho Hurlingham, ametoka kumwona daktari wa figo, uso umevimba, viatu amevivaa kama ndala kwa sababu miguu haikuingia. Tulikaa hotelini, akaagiza uji. Mimi, kwa upumbavu wa waandishi, nilimwambia kwamba nimekuwa nikitaka siku moja kuandika juu ya ushujaa wake. Akaweka kijiko chini.

"Usijaribu," alisema. "Mimi najuta."

Nilidhani anatania.

"Najuta sana, bwana. Ningesema tu tuko sawa kama nyinyi, saa hii ningekuwa nimemaliza. Wale watu wa ploti hawasikizi mwalimu. Nikienda pale wananiambia, we ni nani? Wangesikiza Daktari. Hata chifu angesikiza Daktari. Kuna nyumba pale, najua kisima chao, na kila mvua ikinyesha silali nikifikiria watoto wa pale. Ukweli wangu ulisaidia nani? Niambie mmoja."

Nilitaka kumwambia yale maneno mazuri ambayo sisi waandishi wa safu tunayo tayari kila wakati, kwamba heshima ya mtu ni kitu kikubwa, kwamba alilala na dhamiri safi. Lakini alikuwa ameshasema kwamba halali. Nililipia uji, nikamshika mkono mpaka kwenye kituo, naye akanikataza kusubiri gari pamoja naye. Niliumia, na bado naumia.

Tulimzika Mutuini, kwenye kipande cha shamba ambacho familia haikujenga vyumba. Profesa alikuja. Alikuwa amezeeka, na nilipomwona akishikiliwa kuvuka matope hasira yangu ilipungua bila idhini yangu. Alipopewa nafasi ya kusema alimwita marehemu mwanafunzi wake mpendwa, akalia, na naamini machozi yalikuwa ya kweli. Kisha akatuambia jambo ambalo sikulijua, kwamba kwa sababu ya mtu huyu idara ilibadilisha utaratibu. Siku hizi, swali la mwisho linapofika, msimamizi hutoka nje ya chumba, mlango ukafungwa, ndipo mwanafunzi huulizwa. Watu walisema amina. Mjane wake, aliyekuwa ameketi kitini amefunikwa shuka mabegani, hakusema amina. Nilipoenda kumpa pole, alinivuta karibu. "Nenda uangalie hiyo kitu," aliniambia. "Wewe ni mtu wa gazeti. Nenda uone kama ni ukweli, ndio niwaambie watoto."

Nilienda. Sikuhitaji ujanja wowote, tathmini zilikuwa zikifanywa wiki hiyo, na katibu wa idara bado ananikumbuka. Na kweli, ni kweli kabisa. Mlango ulifunguka, profesa mmoja kijana akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake. Alikuwa ameshika mkoba wa kike, wa ngozi ya kahawia, kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa amemwachia. Alisimama ukutani akiupapasa mshipi wake na kusoma tangazo la mpira. Baada ya muda mfupi sana mwanafunzi akatoka, binti mwembamba mwenye koti kubwa. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ni nani, nikamuuliza kama wamemuuliza lile swali.

"Wameniuliza."

"Na ukasemaje?"

"Nikasema tuko sawa."

"Na mko sawa?"

Alimtazama yule bwana aliyesimama hatua chache kutoka kwetu na mkoba wake mkononi, akitabasamu, akimngoja. Kisha akanitazama mimi kama mtu anayemwonea huruma mgeni. "Sasa nikisema hapana," aliuliza kwa sauti ya chini, "kesho ni nani atanichukua?"

Nilirudi Mutuini nikamwambia mjane kwamba ni ukweli, msimamizi hutoka nje siku hizi. Sikumwambia la yule binti, lakini nawaambia ninyi, hasa mnaokaa upande ule wa meza wenye chai. Mlango si kitu. Kabla hujamuuliza mtu mdogo kwako kama ana tatizo, tafuta kwanza mahali utakapompeleka akikuambia kwamba analo, na mtu wa kumpokea huko, na uwe tayari wewe mwenyewe kukosana na mwenzako kwa ajili yake. Ukishavipata hivyo, uliza. Kama huna, tafadhali, mwache aendelee na kazi yake, maana rafiki yangu aliulizwa, akajibu, na katika jengo lile lote lenye maprofesa hapakuwa na mahali pa kumpeleka isipokuwa nje.